Rangi ya chumvi motoni, kilomita 90 juu ya ncha ya dunia

Maji ya wali yakifurika juu ya meko ya gesi, mwali wa buluu hugeuka manjano papo hapo. Ni sodiamu ya kwenye chumvi, na rangi hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, ndiyo kazi yangu. Nikiwa hapa Nairobi nachambua vipimo vya leza inayorushwa angani karibu na ncha za dunia.

Kati ya kilomita 80 na 105 hivi kuna tabaka la atomi za sodiamu zilizoachwa na vimondo vinavyoungua. Puto halifiki huko. Setilaiti ikishuka hadi huko, hewa huiburuta ikaanguka, na roketi hupita kwa dakika chache tu. Kwa hiyo tunarusha pigo la mwanga wa rangi ileile. Atomi hulimeza na kulitema, na darubini hukusanya kinachorudi. Kwenda kilomita 90 na kurudi ni sekunde 0.0006, nasi kwa muda huo twajua kimo.

Na jotoridi je? Sikiliza honi ya matatu inayokupita Thika Road: sauti hubadilika inapokuja na inapokwenda. Atomi nazo zikija au zikienda, rangi zinayoimeza husogea kidogo vivyo hivyo; kadiri zinavyopata joto ndivyo zinavyokwenda mbio, na rangi hiyo hutanuka. Twapima upana huo.

Hapo ndipo watu hunikatalia: pahali pa baridi kuliko pote katika angahewa yetu ni juu ya ncha ya dunia wakati wa kiangazi, takriban nyuzi 140 chini ya sifuri, huku jua halitui! Mawimbi ya hewa yanayozaliwa milimani na kwenye dhoruba hupanda, kisha huvunjika kama mawimbi ya bahari mwambani, yakaisukuma hewa ya juu kuelekea ncha yenye majira ya baridi. Hewa ya chini hupanda kujaza pengo, hutanuka, hupoa, kama upepo unaotoka kwenye valvu ya baiskeli. Baridi hiyo hugandisha hata mvuke kidogo uliopo, yakatokea mawingu yang'aayo usiku kwenye kilomita 83, yaliyoandikwa habari zake tangu 1885.

Andøya, Norwei, leza zinapima tangu 1994. Kule McMurdo, kituo cha utafiti Antaktika, kikundi cha mwanasayansi Xinzhao Chu kilitumia atomi za chuma badala ya sodiamu, kwa nanomita 372, kikaona atomi hadi kilomita 155. Sikuamini nilipoisoma mara ya kwanza. Nilirudia mchoro ule mara tatu.

Ugumu mkubwa ni jua lenyewe. Kiangazi chote mwanga wake hufurika ndani ya darubini, hivyo tunatumia vichujio vinavyopitisha rangi ya leza tu, kisha tunahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizobaki moja moja.