Barua ya Alamo haikuwa ya kuaga

Wengi waliosikia habari za Alamo, ngome iliyozingirwa na jeshi la Mexico huko Texas, sehemu ya Mexico iliyokuwa imeasi, huamini kwamba kamanda wake, William Barret Travis, aliandika barua ya kuiaga dunia. Ati alishaamua kufa, na barua ikawa wasia.

Ukiisoma yenyewe, ya tarehe 24 Februari 1836, unakutana na kijana wa miaka 26 anayeomba msaada, tena haraka. Ni kweli anaapa kutosalimu amri, na anamalizia kwa "Ushindi au Kifo". Lakini chini ya sahihi kuna nyongeza ambayo wasimuliaji huiruka: adui alipotokea hawakuwa na hata busheli (kipimo cha nafaka) tatu za mahindi, sasa wamepata 80 au 90 kwenye nyumba zilizohamwa, na wameingiza ng'ombe 20 au 30 ndani ya kuta. Anayejiandalia kaburi hahesabu ng'ombe.

Msaada uliokuja ulikuwa kiduchu, watu 32 hivi kutoka mji wa Gonzales. Ngome ikaanguka 6 Machi, siku nne tu baada ya wajumbe kutangaza uhuru wa Texas. Magazeti yaliichapisha barua, lakini ilizaa matunda mwandishi akiwa ameshakufa: tarehe 21 Aprili, huko San Jacinto, askari wa Sam Houston, jenerali wa Texas, walimshinda Santa Anna, kamanda wa jeshi la Mexico, wakipiga kelele za kuikumbuka Alamo.

Uhuru huo haukumhusu Joe, mtumwa wa Travis aliyenusurika ngomeni. Alirudishwa kwa wasimamizi wa mirathi ya bwana wake, akatoroka 1837.