"Cjui" si kosa la tahajia

Wakizungumziwa vijana na simu, hakosi mtu wa kusema ujumbe mfupi umewaharibia tahajia. Ushahidi wake huwa ule ule: "cjui", "xaxa", "2taonana". Ushahidi huo ni wa kesi nyingine.

Tahajia ni uandishi wa neno kwa herufi zinazokubalika. Neno lenyewe tumelitoa Kiarabu, na huko asili yake ni kulitaja neno herufi moja moja. Sasa mwambie aliyeandika "cjui" alitaje hivyo: s-i-j-u-i, bila kusita. Hakukosea, amefupisha. Amechukua jina la herufi C kwa Kiingereza, linalosikika "si", akaliweka mahali pa silabi nzima. Na "2" ya "2taonana" ni vivyo hivyo. Huwezi kufanya hivyo kama hujui silabi za neno zinakatikia wapi. Mbona "n.k." na "Dkt." hatuziiti makosa?

X ina kisa chake, maana jina lake halisikiki kama silabi yoyote ya "sasa". Kwenye simu za vitufe, S ni ya nne katika kitufe cha 7, na X ni ya pili katika kitufe cha 9. "Sasa" ilitaka kubonyeza mara 10, "xaxa" mara 6. Tena SMS moja ilibeba herufi 160 tu, nafasi zikihesabiwa; ukizidisha unalipia ya pili. Simu za kugusa kioo zimeifuta hesabu hiyo, X ikabaki pambo.

Kosa la tahajia ni "apa", "uyu", "kurara", "nime fika". Hayo hutoka kwenye matamshi, au kwenye kutojua neno linaanzia na kuishia wapi, na yalikuwa yamejaa madaftarini kabla ya simu. "Nime fika" haimwokolei mwandishi chochote, imeongeza nafasi. "Apa" imepungua herufi moja, kweli, lakini mwambie aandike kwa kirefu: ataandika "apa" tena.

Simu ina lawama zake, ila ziko kwingine. Kibodi iliyowekwa Kiingereza hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, mwisho mwanafunzi haoni tena mstari wowote, hata pale alipokosea kweli. Na kitufe cha kutuma kimechukua kazi ya nukta: kila sentensi huenda kama ujumbe wake, kwa hiyo kwenye insha, ambako hakuna cha kubonyeza, aya nzima hutiririka bila kituo.

Mwalimu akiikuta "cjui" kwenye insha, aikate, insha si mahali pake. Ila pembeni aandike "usifupishe". "Tahajia" aiweke kwa ajili ya "apa".