Shimo jeusi si uzushi wa filamu

Barazani hapa Malindi, kahawa mkononi, husikia watu wakisema: "Yale mashimo meusi ya filamu za anga ni uzushi mtupu." Sivyo. Shimo jeusi ni mahali angani penye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Mwaka 1916 mwanafizikia Karl Schwarzschild alichapisha jawabu la milinganyo ya Einstein kuhusu mvuto, na shimo lilikuwemo humo, ingawa wanafizikia wenyewe walichukua miongo kulitambua.

Na sisi tuna mkono ndani yake! Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni, imebeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Kazi yake: kusaka miale ya eksirei angani. Ikakuta miale ya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, ikibadilika upesi mno, dalili kwamba chanzo chake ni kidogo sana kwa umbo. Leo wanafizikia wanakihesabu shimo jeusi.

Kilichobuniwa katika filamu ni chombo cha anga kupenya shimo na kutokea upande wa pili. Hata hicho kina mzazi: "daraja" la Einstein na mwenzake Rosen, 1935, yaani njia ya kinadharia inayounganisha sehemu mbili za anga. Mwaka 1962 wanafizikia Fuller na Wheeler walionyesha kwamba daraja hilo hujifunga kabla hata mwanga haujavuka. Mtambo wa kulishikilia wazi, huo ndio wa watunzi.