Bilioni 12 za filamu Kanada, ni za nani?

Kila mwaka chama cha maprodyuza wa Kanada, CMPA, kinatoa ripoti ya prodakshen zote za filamu na TV zilizofanyika nchini, mwaka wao unaanza tarehe 1 Aprili unaishia 31 Machi, na kila mwaka watu wanadaka namba moja tu, ile ya jumla, wanaanza kuisambaza. Ya 2022-23 ilivuka dola bilioni 12 za Kanada, rekodi, watu wakafurahi kweli kweli. Iliyofuata, 2023-24, ikashuka chini ya bilioni 10 na maneno yakageuka, oh tasnia imekufa, oh watu wahame. Mi nafanya uhasibu wa prodakshen huku Vancouver, mishahara na madai ya marejesho ya kodi ndo vinapita mezani kwangu, na naamini kabisa kwamba mtu akiishika hiyo jumla bila kuipasua ndani ataelewa vibaya mwaka mzuri na mwaka mbaya pia.

Tuipasue basi. Zaidi ya nusu ya zile bilioni 12 siyo filamu za Kanada. Ni kazi za nje, nyingi za studio za Marekani na makampuni ya kustrimi, wanakuja na skripti yao, prodyuza wao, mara nyingi dairekta wao na mastaa wao wawili watatu wa juu, wanakodi studio zetu na watu wetu, wakimaliza wanaondoka na haki zote za ile kazi milele. Kinachobaki ni mishahara, kodi za majengo, chakula, mbao, mafuta ya jenereta. Ni kama fundi cherehani anayeshonea watu vitambaa vyao, anaweza kuwa na foleni mpaka barabarani na bado dukani kwake hamna hata gauni moja la kwake la kuuza. Sidharau hizo kazi hata kidogo, zimelea familia nyingi huku na zimewafanya mafundi wa Kanada kuwa kati ya bora duniani, nasema tu tujue tunahesabu nini. Filamu za sinema za Kanada yenyewe, zile ambazo mmiliki ni Mkanada, kwenye hizo bilioni zote hazifikishi hata nusu bilioni. Iliyobaki ni TV ya Kanada na prodakshen za ndani za vituo vyenyewe, kama habari na michezo.

Nitoe mfano ambao watu wa nyumbani huwa unawashangaza. Kuna filamu inaitwa Rebelle, ya dairekta Kim Nguyen wa Montreal, ilipigwa Kongo, Kinshasa, na msichana aliyeigiza, Rachel Mwanza, Mkongo, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin 2012. Hiyo ni filamu ya Kanada, na ndo iliyoiwakilisha Kanada mpaka ikaingia kwenye tano za mwisho za Oscar ya filamu za lugha ya kigeni mwaka 2013. Sasa chukua tamthilia ya The Handmaid's Tale, imetoka kwenye riwaya ya Margaret Atwood, Mkanada, imepigwa Toronto na miji ya jirani mwaka baada ya mwaka, mafundi karibu wote Wakanada, lakini kwenye mahesabu ni kazi ya Marekani, iko kwenye kile kifungu cha huduma kwa wageni. Shogun nayo, ile tamthilia iliyobeba tuzo 18 za TV za Emmy mwaka 2024, Japani yote unayoiona pale sehemu kubwa sana imejengwa na kupigwa British Columbia (BC, jimbo ambalo Vancouver iko), na hakuna anayeiita ya Kanada. Mahali kamera ilipowekwa hapaamui kitu. Kinachoamua ni nani anamiliki na nani anashika zile nafasi za ubunifu.

Na hili lina hesabu yake, siyo maneno matupu. Ofisi ya serikali inaitwa CAVCO ndo inayotoa cheti, na wana pointi 10: dairekta 2, mwandishi 2, mwigizaji wa kwanza 1, wa pili 1, halafu msanifu wa seti, mkuu wa kamera, mtunzi wa muziki na mhariri wa picha moja moja. Kwa kawaida unatakiwa ufikishe 6, na kati ya dairekta na mwandishi lazima mmoja awe Mkanada, na kati ya wale waigizaji wawili wa juu pia mmoja. Prodyuza ndo hana pointi kabisa, yeye ni lazima awe Mkanada, bila hivo hamna mazungumzo. Angalia na kitu kingine hapo, hamna pointi hata moja ya hadithi inahusu nini. Unaweza kupiga hadithi ya Mombasa, ya Lubumbashi, ya Mwezini, kama watu wametimia na umiliki uko sawa na sehemu kubwa ya gharama imeenda kwa Wakanada, cheti unapata. Kwa hiyo wale vijana wetu wa Toronto na Montreal wenye skripti za kwao nyumbani wasidanganywe kwamba hadithi zao siyo za Kanada, sheria haisemi hivo popote. Na Mkanada kwenye mahesabu haya ni raia au mwenye ukaazi wa kudumu, hauhitaji pasipoti.

Sasa kwanini wageni wanakuja? Watu watakwambia milima, misitu, masaa ya Vancouver hayapishani sana na ya Los Angeles na ndege ni kama saa tatu tu. Kweli, vinasaidia, lakini nimekaa na bajeti nyingi za kutosha kujua kwamba mlima haujawahi kushinda hesabu. Kwanza dola ya Marekani miaka hii imekuwa ikicheza kwenye 1.30 mpaka 1.40 ya Kanada, yani mtu hajaanza kazi tayari bajeti yake imenenepa. Pili kuna marejesho ya kodi, na haya siyo msamaha wa kodi kama wengi wanavyodhani, ni pesa taslimu, hata kama kampuni haidaiwi kodi yoyote serikali inaandika hundi.

Nichukue kazi ya kigeni inayopigwa BC na imelipa mishahara ya dola milioni 10 kwa wakaazi wa BC. Jimbo linarudisha asilimia 36 ya hiyo mishahara, milioni 3.6. Serikali kuu nayo inarudisha asilimia 16, lakini siyo ya zile 10, kwanza inatoa kile jimbo lilichokupa, inabaki 6.4, asilimia 16 ya hapo ni milioni 1 na elfu 24. Jumla inapita kidogo milioni 4.6 kwenye mishahara ya milioni 10. Na hiyo 36 ni mpya, mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa 28, waziri mkuu wa jimbo akatangaza Desemba 2024 kwamba inapanda kwa kazi zitakazoanza kupiga picha kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Kwanini ghafla hivo? Kwa sababu jimbo la Ontario, kule Toronto, wanatoa asilimia 21.5 ila ya matumizi mengi zaidi ya mishahara, vifaa vya kukodi vimo, na jimbo la Quebec walishapandisha yao, na nje ya Kanada Uingereza na Australia wanavutia kamba ile ile. Studio kubwa inaweka bajeti ya kazi moja ikiwa na nchi nne kwenye jedwali, tofauti ya asilimia chache inahamisha mamia ya watu kutoka kwenye ajira.

Ukitaka kuona hiyo biashara kwa macho, nenda asubuhi na mapema kwenye mtaa wa katikati ya mji siku ya shutingi. Utakuta watu wa sanaa wanahangaika na vitu vidogo vidogo. Sanduku la posta la Kanada ni jekundu, linafichwa, linaletwa la bluu la Marekani. Namba za magari zinabadilishwa kuwa za New York au Washington, kibao cha mwendo kinachosoma 50 kinafunikwa maana kule wanahesabu maili, bendera yenye jani inashushwa, teksi za njano zinapangwa kwenye foleni. Ndani ya saa moja tu mtaa umeshahama nchi. Ni kazi nzuri sana, wale watu wana jicho kali, ukiangalia skrini huwezi kuona kosa. Lakini mi kila nikiona lile sanduku jekundu linafunikwa roho inaniuma, nasema wazi, kwa sababu huu mji umeonekana na mamilioni ya watu duniani tangu miaka ya 80 na karibu hamna anayejua ameshawahi kuuona.

Mwaka wenyewe wa kazi una mawimbi yake. Zamani mambo yalikuwa yanatabirika, majaribio ya tamthilia mpya yanapigwa Machi na Aprili, zile zilizokubaliwa zinaanza Julai zinaenda mpaka Aprili ya mwaka mwingine, katikati wiki mbili za Krismasi. Strimingi imevuruga hiyo ratiba, sasa tamthilia ina vipindi 8, inaweza kuanza mwezi wowote, inakaa miezi mitano inaisha, na mtu anabaki anatafuta nyingine. Na jua nalo lina amri yake, Desemba hapa Vancouver jioni mapema tu limeshazama na wapiga picha za mchana wanakimbizana, Juni mpaka saa tatu usiku bado kuna mwanga, kwa hiyo kazi yenye matukio ya usiku ikiwekwa Juni unapata masaa machache tu ya giza. Wiki inaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi na kwa sababu kila siku inarefuka na watu lazima wapate masaa ya kupumzika katikati, siku inayofuata inasogea mbele, mpaka Ijumaa watu wanaingia kazini mchana wanatoka alfajiri ya Jumamosi. Karatasi za masaa ya wiki kama hiyo zikifika kwangu naona uchovu wa watu kwenye tarakimu.

Afu ikaja 2023. Waandishi wa skripti wa Marekani waligoma tarehe 2 Mei, waigizaji wakaungana nao tarehe 14 Julai, waandishi wakarudi mwishoni mwa Septemba na waigizaji tarehe 9 Novemba. Vyama vya wafanyakazi vya Kanada havikuwa kwenye mgomo, hamna fundi wa hapa aliyepiga kura ya kugoma, lakini studio za Burnaby na Langley, miji ya jirani na Vancouver, na za Toronto zilifungwa taa kwa sababu skripti na mastaa wanatoka upande ule. Hapo ndo ile nusu na zaidi ya bilioni 12, ile ya wageni, ilionyesha uso wake. Kazi za Kanada yenyewe ziliendelea, waandishi wao wako kwenye chama kingine, ila ni chache na bajeti zao ndogo, haziwezi kubeba maelfu ya mafundi. Niliona watu waliokaa kwenye fani miaka 20 wanaenda kuendesha malori, kujenga nyumba, wengine hawajarudi mpaka leo. Na baada ya mgomo maji hayakurudi vile watu walivyotegemea, makampuni ya kustrimi yalishaanza kubana matumizi, Marekani tamthilia zenye skripti zilikuwa 599 mwaka 2022 zikashuka 516 mwaka 2023, afu nusu ya kwanza ya 2024 wakubwa wakawa wanasita wakisubiri mikataba ya mafundi wa Hollywood. Hii ndo maana mi sikubali mtu aniambie mwaka wa bilioni 12 ulikuwa wa usalama. Ulikuwa mwaka wa kazi nyingi, usalama ni kitu kingine.

Kinachonipa matumaini kidogo ni sheria ya strimingi iliyosainiwa 27 Aprili 2023. Chini yake, Juni 2024 msimamizi wa utangazaji, CRTC, aliamua kwamba makampuni ya kustrimi yenye mapato ya kuanzia dola milioni 25 kwa mwaka hapa Kanada yatoe asilimia 5 ya mapato hayo kwenda kwenye mifuko ya kazi za ndani, makadirio yao ni kama milioni 200 kwa mwaka. Makampuni yakakimbilia mahakamani. Kwa kazi ya kigeni milioni 200 ni filamu moja kubwa, kwa filamu ya Kanada ni mbingu na ardhi, maana prodyuza mdogo wa hapa anakopa benki kwa kuweka dhamana marejesho ya kodi ambayo hayajafika, analipa riba miezi na miezi akisubiri hundi, na riba hiyo inatoka kwenye siku zake za kupiga picha.

Mwisho nijibu wale wanaoniuliza kila wiki kuhusu kuja kufanya kazi. Kitu cha kwanza ofisi yangu itakachokuuliza siyo uzoefu, ni tarehe 31 Desemba ulikuwa unaishi wapi. Ili mshahara wako uingie kwenye ile 36 ya BC lazima uwe ulikuwa mkaazi wa jimbo tarehe 31 Desemba iliyotangulia mwisho wa mwaka wa kodi wa kampuni. Umehama kutoka Toronto Februari 2025, kampuni inafunga mahesabu Juni 2025, basi kwa jimbo hauhesabiki, serikali kuu tu ndo itarudisha, na meneja mwenye majina mawili mezani anaweza kumchukua mwenzako kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo kama unahama, hama kabla ya mwaka kuisha, badilisha leseni ya udereva mapema, mkataba wa nyumba uwe na jina lako, na barua ya makadirio ya kodi ukiipata usiitupe, fomu ya ukaazi utaijaza siku ya kwanza kazini kabla hata hujaonyeshwa chai iko wapi.