Usiniambie nifume "kubwa kidogo"

Ujumbe uliingia jana saa nne usiku, sindano ikiwa mkononi: "Dada fundi, ile seti ya simba ya mtoto, kofia na viatu vya kroshia, naomba ufume kubwa kidogo ili akue nayo." Nikaiweka simu kifudifudi, nikamaliza raundi, nikahesabu vitanzi mara mbili kwa sababu hasira hunikaza mkono. Halafu nikaamua kuyaandika haya yote mara moja, ili mteja wa kesho nimtumie linki tu na mimi nilale.

"Kubwa kidogo" ni busara ya sare ya shule. Sare unaipinda, mwakani unafumua upindo, mtoto anaendelea na safari. Gauni la Idi vilevile. Kofia ya kroshia haina upindo. Inakaa kichwani kwa sababu moja tu: ni ndogo kuliko kichwa chenyewe. Naomba usome tena hapo, ndogo kuliko kichwa. Inapovalishwa inavutika, inabana kwa upole, inatulia. Ukiifuma sawasawa na kichwa, mtoto akigeuza shingo kofia inabaki ilipokuwa na masikio ya simba yanahamia kisogoni. Ukiifuma kubwa, inashuka juu ya macho, kisha pua, na mtoto wa wiki tatu hawezi kuinua mkono akaivua. Hapo hatujadili tena urembo.

Sasa kichwa ni kikubwa kiasi gani? Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vinatoa wastani wa mzunguko wa kichwa siku ya kuzaliwa kuwa sentimita 34.5 kwa wa kiume na 33.9 kwa wa kike. Mwezi mmoja baadaye ni 37.3 na 36.5. Miezi mitatu, 40.5 na 39.5. Mwaka, 46.1 na 44.9. Angalia hizo namba kwa jicho la fundi: katika mwaka mzima kichwa cha mtoto wa kiume kinaongezeka kama sentimita kumi na moja na nusu, na zaidi ya nusu yake inaisha ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kofia ya "kukua nayo" kutoka kuzaliwa mpaka mwaka ingekuwa kapu.

Hapa ndipo pateni za mtandaoni zinatuponza hata sisi mafundi. Zikiandika "mtoto mchanga", nyingi zinamaanisha mtoto wa siku chache, anayepigwa picha amelala kwenye beseni lenye manyoya. Huku kwetu watu wengi hawamtoi mtoto kabla ya arobaini. Mteja ananiambia "ya mtoto mchanga", nafuma ya sentimita 32, anaiweka kabatini ikisubiri siku ya shughuli, siku ya shughuli kichwa kiko 38 na kofia imekaa utosini kama kibandiko. Kisha wifi yake anamwambia, "Si nilisema uagize kubwa kidogo?" Hivyo ndivyo imani hii inavyozaliwa, na nakiri mwanzoni mwa kazi yangu nilichangia kuizaa, maana nilikuwa siulizi.

Siku hizi naulizia tarehe. Si ukubwa, tarehe: atavaa siku gani? Kama ni arobaini, wastani utakuwa karibu 38 kwa wa kiume na 37 kwa wa kike. Natoa sentimita mbili au tatu, nafuma kama 35. Kama mtoto ameshazaliwa, funga futi kamba juu ya nyusi kupitia pale kisogo kilipotokeza zaidi, nitumie namba. Wastani ni wa kuanzia tu. Kuna anayezaliwa na kilo mbili na nusu na kuna wa kilo nne, na kichwa kilichotoka kupita njia ya uzazi kinaweza kuwa kimechongoka siku mbili tatu kabla ya kurudi. Na kama kweli unataka nguo ya kudumu, agiza ya miezi mitatu na uwe na subira ya kumvalisha akifikia. Hilo nalifuma kwa moyo mweupe.

Kwa mafundi wenzangu: 35 gawanya kwa 3.14 unapata kama 11. Huo ndio upana wa utosi wa kofia yako uliolala bapa kabla hujaacha kuongeza vitanzi. Mimi kwa uzi wa kati na sindano namba 4 naanza na dabo 12 (dabo ni aina ya kitanzi, nitaieleza hapo chini), naongeza 12 kila raundi mpaka 60, halafu nashuka bila kuongeza mpaka kina kifikie sentimita 14 kutoka katikati ya utosi. Ila usininakili vitanzi 60 ukaenda zako. Mkono wangu unatoa vitanzi 17 kwa sentimita 10, kwa hiyo 60 ni sentimita 35.3. Mwenye mkono wa kukaza anayetoa 19 atapata 31.6. Mwenye mkono mlegevu wa 15 atapata 40 kamili. Pateni ileile, uzi uleule, sindano ileile, tofauti ni zaidi ya sentimita nane! Kipande cha kujaribia kinachukua robo saa. Najua hutakifuma. Na mimi nikiwa na haraka sikifumi, halafu nafumua utosi mzima saa sita usiku.

Kuna na balaa la jina "dabo". Bibi yangu Lushoto alinifundisha kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza, na dabo yake ni kitanzi kifupi. Wanaofundisha YouTube wengi wanatumia majina ya Marekani, na dabo yao ni ile ndefu zaidi ambayo bibi aliiita trebo. Ukichanganya, kofia ya kina cha sentimita 14 inakuwa kisahani. Binti mmoja aliniletea kazi akilia kwamba amehesabu kila kitanzi na bado haieleweki. Alikuwa amehesabu vizuri kabisa, ila kwa lugha ya nchi nyingine. Dabo ninayosema hapa ni ya Marekani. Samahani bibi.

Nikimaliza kofia naivalisha nazi. Usicheke. Nazi iliyofuliwa ina umbo la kichwa cha mtoto kuliko mpira, na ninayo ya sentimita 37 na nyingine ya 34. Nilizichagua sokoni kwa futi kamba, muuza nazi akaniuliza kama naolewa au naozesha. Nazi ina kazi moja kubwa: masikio. Masikio ukiyapanga kofia ikiwa bapa mezani, yatakuwa yameelekea juu kwa heshima. Kofia ikivutika kichwani yanafunguka pembeni na simba anageuka mbuzi. Pachika kwa pini kofia ikiwa kwenye nazi, rudi nyuma hatua mbili, tazama, ndipo ushone. Masikio ya duara yakae pembeni, kama saa nne na saa nane za pande mbili... hapana, hiyo saa yetu itawachanganya watu. Yakae katikati ya utosi na ukingo, basi.

Wanyama nao wana siasa. Pateni ya bundi ni maarufu sana huko mtandaoni, macho makubwa, mdomo wa chungwa. Niliifuma mara moja. Bibi mzaa baba wa mtoto aliishika kwa ncha za vidole viwili akaniuliza nani kanituma. Sijaifuma tena. Nguruwe simfumi mpaka nijue nyumba ninayoifumia. Simba ana matatizo yake Dar: baba wa mtoto akiwa shabiki wa Yanga, watani wa timu ya Simba, kofia hairuhusiwi kuvuka mlango, nikabadilisha wa namna hiyo kuwa kondoo kwa kufumua manyoya ya shingoni. Nikajaribu kumtuliza mwingine kwa chura wa kijani, rangi ya timu yake mwenyewe, nikasahau kwamba watani wao wanawaita vyura. Twiga, tembo na sungura hawana timu.

Huyo simba, akiruhusiwa, usimwekee manyoya ya nyuzi zinazoning'inia. Mtoto anazivuta, anazinyonya, zinamchomoka. Vitanzi virefu vilivyo wazi navyo vinanasa vidole. Mimi nafuma marinda mafupi mawili kuzunguka uso, yanatosha. Madoa ya twiga usiyafume kwa kupitisha uzi wa rangi ya pili kwa ndani ukiwa huru, hasa kwenye viatu, kwa sababu uzi uliolegea ndani ya kiatu unaweza kuzunguka kidole cha mguu ukakikaba, na mtoto atalia bila nyinyi kujua kwa nini. Kata, funga, ficha, au shona madoa kwa juu. Macho yawe ya uzi. Vifungo hapana, shanga hapana, yale macho ya plastiki "salama" hapana. Kamba za kufungia kidevuni hapana pia. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 kinakataza kamba kwenye kofia zilizoungwa na nguo na kwenye shingo za nguo za watoto wadogo, na kwa mara moja nakubaliana na watu wa karatasi. Na kumbuka mteja anayeagiza kofia kubwa ndiye atakayeomba kamba ya kuifunga isivuke. Kosa moja linazaa la pili.

Suruali: pima kiuno juu ya nepi, na uliza ni pampasi au nepi ya kitambaa, maana ya kitambaa inavimba. Mkia: mtoto huyu maisha yake yote ni chali. Mkia uliojazwa pamba ni jiwe mgongoni. Ufume bapa, au uwe wa kufungua baada ya picha.

Sasa uzi, ambako sina jibu zuri. Uzi wa akriliki, huu ambao dukani unaitwa sufu ingawa haujawahi kukutana na kondoo, una mnepo. Kofia inabana na kurudi. Lakini ni plastiki, unashika joto, haunyonyi jasho, na Dar ya Februari haihitaji msaada. Pamba inapumua, inafulika, ngozi haigombani nayo. Ila pamba haina mnepo, na zile sentimita mbili tatu ninazotoa zinaliwa baada ya kufuliwa mara kadhaa, kofia inaanza kulegea, na tunarudi kwenye kofia kubwa ileile ninayoipiga vita. Nimebadilisha msimamo mara mbili. Kwa sasa nafuma pamba kwa watu wa Pwani na mchanganyiko kwa watu wa Njombe na Arusha, na ukingo naufuma kwa sindano ndogo ya namba 3 ili ushike. Je, inatosha? Kwa kofia tatu nne zilizorudi kwangu, mbili zilikuwa zimelegea. Kwa hiyo nusunusu.

La mwisho linanihusu kuliko yote. Kofia ya mnyama si ya kulalia. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa usingizi wa 2022, wanashauri mtoto asivalishwe kofia akilala ndani, isipokuwa masaa ya mwanzo baada ya kuzaliwa au akiwa chumba cha uangalizi maalumu, kwa sababu ya kuzidi joto. Kichwa kinamtolea joto jingi. Watoto njiti wanaobebwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi ni habari nyingine, wao huvalishwa kofia makusudi, na hizo nafuma bure ninapopata uzi: laini, bila masikio, bila marinda, na ndogo kuliko unavyodhani. Kwa hao "kubwa kidogo" haina hata mtu wa kuitamka.

Mteja wa jana nimempigia asubuhi. Arobaini ni tarehe 19. Kichwa, kwa futi ya jirani yake fundi cherehani, ni 36 na nusu leo. Nikamwambia nitafuma 35 na nitampa siku ya kuja kujaribisha. Akanyamaza kidogo, akasema sawa dada, ila viatu viwe vikubwa. Viatu nimekubali, viatu vikimvuka vitaanguka tu. Nazi ya 37 imeanza kutoa harufu, nimeivunja kwa wali wa mchana, kwa hiyo kabla sijaanza kazi yake inabidi nirudi kwa yule muuza nazi na futi kamba yangu.