Kahawa chungu haiondoi pombe mwilini

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila sikukuu zikikaribia: ukilewa, kunywa kahawa chungu isiyo na sukari, oga maji ya baridi, kisha shika usukani bila wasiwasi. Si kweli.

Pombe ikishaingia kwenye damu, kazi kubwa ya kuiondoa hufanywa na ini, kwa mwendo wake lenyewe. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe. Kwa watu wengi ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa hiyo moja huchukua saa mbili au zaidi. Aliyekunywa nne hadi usiku wa manane anaweza kuamka alfajiri bado anayo.

Ukitaka kuhakikisha, kipimo cha pumzi kinatosha: vikombe viwili vya kahawa havishushi namba.

Imani hii imedumu kwa sababu kafeini kweli hufukuza usingizi. Mtu huchangamka, lakini breki bado anakanyaga kwa kuchelewa. Kwangu mimi huyo ni hatari kuliko anayesinzia, maana anayesinzia angalau atanyang'anywa funguo.

Aliyezimika kabisa asinyweshwe chochote, atapaliwa. Mlaze ubavu, mpelekeni hospitali.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.