"Sponji wa pangoni" si ukoo

Habari za bahari zimezoea kutuambia kwamba wazamiaji "wamegundua aina nyingine ya sponji wa pangoni", kana kwamba huo ni ukoo mmoja kama papa au taa. Sivyo. Sponji ni mnyama asiye na mdomo wala utumbo, ambaye kwa kawaida huchuja chakula kwenye maji. Akiwa amejishika kwenye ukuta wa pango la chini ya bahari, ndiye wa pangoni, basi. Pango linaeleza anakoishi, halielezi ametokana na nani.

Ukoo hupatikana kwa kuainisha, na kazi hiyo huanzia kwenye miiba midogo iliyomo mwilini mwake. Kipande cha sponji hutiwa kwenye jiki, nyama ikayeyuka, miiba ikabaki chini. Husuuzwa na kutazamwa kwa hadubini. Miiba ya silika, yaani madini yanayotengeneza kioo, huvumilia hata asidi, ile ya chokaa huyeyuka humo. Rangi na umbo hudanganya sana: gizani sponji wengi wamepauka, na spishi moja yaweza kutambaa mwambani hapa, ikasimama wima pale.

Karibu na La Ciotat, Ufaransa, lipo pango liitwalo 3PP. Sakafu yake inateremka kuelekea ndani, hivyo maji ya baridi yanayoingia majira ya kipupwe hunaswa humo hata kiangazi. Mwaka 1995 wataalamu wa sponji Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walitangaza kwamba sponji mdogo wa pango hilo hula nyama: nyuzi zake zimejaa miiba ya ndoano inayonasa wadudu wa maji wa jamii ya kamba na kaa. Hana mifereji wala seli za kuchuja maji, yaani amekosa kile hasa ambacho vitabu vilimtambulia sponji. Miiba ndiyo iliyomrudisha kwao, kwenye familia ya Cladorhizidae, wakazi wa vilindini. Jirani yake humo pangoni ni Oopsacas minuta, sponji wa kioo, wa ngeli (kundi kubwa linalokusanya familia nyingi) nyingine kabisa. Petrobiona massiliana wa mapango ya Mediterania ni wa ngeli ya tatu, ya sponji wa chokaa.

Hata wataalamu waliwahi kuvutwa na mfanano. Mwaka 1970 wanasayansi Hartman na Goreau waliunda ngeli ya Sclerospongiae kwa ajili ya sponji wenye kiunzi kigumu cha chokaa kama matumbawe, wengi wao wakiishi mapangoni na kwenye pembe zenye giza za miamba. Baadaye ikaonekana kwamba kiunzi hicho kilijitokeza katika koo mbalimbali, na ngeli hiyo ikaachwa.

Kwa hiyo tuandike "sponji aliyepatikana pangoni", kisha tutaje familia au ngeli yake. Na ikiwa miiba yake bado haijatazamwa, maelezo yake hayajachapishwa, wala kielelezo hakijahifadhiwa makumbusho, maneno "spishi mpya" yasubiri kwanza.